Bomba 14 na chaki moja

Mwezi wa saba nilikuwa nyumbani Tandahimba, nikashinda kwenye karakana ya mdogo wangu. Anatengeneza mabomba ya injini ya kupulizia salfa, dawa ya mikorosho. Msimu ukichanganya, yanapangwa ukutani kama wagonjwa wa zahanati. Jumatatu moja nilihesabu 14. Akaanza na lipi? La mzee aliyesimama mlangoni anafoka, na kilichokatika kilikuwa mkanda wa begani tu.

Huku Bremen, Ujerumani, natengeneza baiskeli. Bosi wangu hapangi kazi kwa kelele za mteja. Baiskeli ya nesi wa zamu ya usiku inatangulia. Ya anayekwenda likizo mwezi ujao inakaa, hata mwenyewe apige simu mara tatu. Rais Eisenhower wa Marekani alilisema hili mwaka 1954, tena akimnukuu mtu mwingine: ya haraka na ya muhimu si kitu kimoja.

Nikamwambia mdogo wangu, korosho haisubiri foleni. Ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, ukishashika maua, bomba zima la wiki ijayo ni pambo. Basi muulize kila mtu: mikorosho yako imeshachanua? Una bomba jingine? Tukachukua chaki, tukaandika majina ukutani. Yale ya kubadilisha plagi tu tukayamaliza kabla ya chai, matano yakaondoka. La kabureta mbovu tulipaswa kulipigia simu Dar asubuhi, kabla hata ya kushika spana, kipuri kipakiwe kwenye basi la siku hiyo. Sisi tulikumbuka saa tisa alasiri. Siku nzima ikapotea kwa simu ya dakika mbili!

Siku ya tatu ukatokea msiba mtaani, mdogo wangu akafunga karakana. Nilikasirika, nikiri. Lakini jirani yangu wa ghorofa ya juu huku alifariki, nikajua baada ya siku tisa, kwa kuona vitu vyake vinashushwa. Hilo sitaki lifike Tandahimba. Ninachotaka ni asiwaahidi watu siku zote sita za wiki, maana misiba ipo na atakwenda kuzika. Aahidi nne.

“Kaka, nikimwambia mtu Alhamisi ataenda kwa fundi mwingine,” akanijibu. Wawili walienda kweli. Mmoja alirudi.

Juzi kanitumia picha ya ukuta. Chaki bado ipo, majina tisa. La kwanza kabisa ni la yule mzee wa mkanda. Nikauliza, mikorosho yake imechanua kuliko ya wenzake?

“Hapana kaka. Anataka kunipa binti yake.”