Walinzi wa Nara na vipande 3,000

Wanaopita Lango Kuu la Kusini la hekalu la Kibudha la Todaiji, mjini Nara, Japani, husimama kutazama misuli. Wana haki. Huku na huku wamesimama walinzi wawili wa mbao wanaotazamana, kila mmoja akizidi mita nane kwa kimo, mishipa imewatoka, nguo kama zinapeperushwa na upepo. Mmoja ameachama, anatamka "a". Mwenzake amefumba kinywa, anamalizia "un". Ni sauti ya kwanza na ya mwisho, na mpita njia hupita katikati ya mwanzo na mwisho wa mambo yote.

Mimi kinachonishika zaidi ni maungio ya mbao.

Hekalu liliteketea vitani mwaka 1180. Mtawa Chogen, akiwa ameshavuka miaka 60, akakabidhiwa kazi ya kulijenga upya. Lango likasimama 1199. Mwaka 1203 Unkei, Kaikei na wenzao wakawachonga walinzi hao kwa siku 69 tu. Wangeanza na gogo moja moja, wasingemaliza. Walitumia hinoki, msaipresi wa Japani, wakaunga vipande vipatavyo 3,000 kwa kila sanamu, mafundi wengi wakifanya kazi kwa wakati mmoja.

Nimeketi sana na wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam. Kinyago cha ujamaa hutoka kwenye gogo moja la mpingo: wazee, akina mama na watoto wamebebana hadi juu, na patasi ikiteleza hakuna cha kubandika. Watu wengi, mti mmoja. Kule Nara ni miti mingi, mwili mmoja. Nimewahi kuambiwa kwamba sanamu ya kuunga ni useremala tu, kwamba uchongaji wa kweli ni wa gogo zima. Sikubali hata kidogo.

Wabudha wana mfano wa kale wa gari la kukokotwa. Gurudumu si gari, ekseli si gari, nira si gari. Ukivitenganisha vyote, gari lenyewe hulioni. Ndivyo wanavyomwona binadamu pia: mkusanyiko wa vitu vinavyotegemeana, visivyo na kiini cha kudumu. Sasa mtazame yule mlinzi. Katika vipande vyake 3,000, kipi ndicho yeye? Waliomchonga waliandika fundisho hilo kwa gundi na misumari, wala hukuhitaji kusoma maandiko ili likuingie.

Kati ya 1988 na 1993 sanamu hizo zilifunguliwa zitengenezwe. Ndani yakakutwa maandiko ya dini na majina ya mafundi. Ikaonekana pia kwamba kitovu kilikuwa kimehamishwa wakati wa kazi, ili kikae sawa machoni mwa mtu anayetazama kutoka chini. Naona fundi ameshuka jukwaani, amerudi nyuma hatua kadhaa, ameinua uso, kisha amepanda tena na patasi mkononi. Kwenye mpingo, kitovu kikishachongwa ndipo hapo hapo.