Jaribio Lililofaulu kwa Ugali na Maharage

Mama mwenye duka la vitenge alitaka kurasa za oda kwenye tovuti yake zihame kutoka /oda/ ziende /mauzo/oda/. Kwenye Django, mfumo wa kujengea tovuti kwa Python, hiyo ni kazi ya mstari mmoja ndani ya urls.py, faili lenye orodha ya njia za kurasa. Nikaubadilisha, nikawasha majaribio (vijiprogramu vinavyokagua kama tovuti bado inafanya kazi), nikaenda kuchemsha chai.

Kurudi: mekundu (yaliyofeli) 41, ya kijani (yaliyofaulu) 3. Kila jaribio nilikuwa nimeliandikia njia kwa mkono, self.client.get('/oda/1/'), kama mtu aliyejichora mkononi namba ya simu ya mchumba.

Nikajifariji na yale 3. Yalikuwa ya usalama: mteja akifungua oda ya mwenzake, seva imjibu 404, yaani "ukurasa haupo". Angalau mlinzi yuko macho! Kisha shetani akanituma, nikabadilisha njia iwe '/ugali/maharage/'. Kijani! Njia isiyokuwepo nayo hujibu 404. Mlinzi wangu alikuwa analinda kiwanja ambacho nyumba imeshahama.

Nikatia reverse('mauzo:oda', args=[oda.pk]) kila mahali; hiyo huitafuta njia kwa jina lake ndani ya urls.py. Ukikosea jina, kosa la NoReverseMatch linakurukia palepale, hakuna kujificha nyuma ya 404. Ile 1 ya '/oda/1/' nayo niliing'oa, nikaweka namba halisi ya oda (oda.pk): kwenye hifadhidata ya PostgreSQL data ya jaribio hufutwa lakini hesabu ya namba hairudi nyuma, kwa hiyo oda ya jaribio linalofuata yaweza kuzaliwa na namba 2. Yale 3 nikayaagiza kwanza mwenye oda aingie apate 200 (ukurasa umefunguka), ndipo mgeni afukuzwe.

Kijani 44. Nikapandisha kwenye seva jioni ileile. Ndiyo, ilikuwa Ijumaa, msinisute.

Jumamosi saa 2 asubuhi simu ikalia. "Mwanangu, watu wamelipa, hela nimeiona, mtambo wako unasema wanadaiwa!"

Kampuni ya malipo ilikuwa inaleta taarifa zake /oda/malipo/, anwani tuliyoisajili kwao. Nami nilikuwa nimeihamisha pamoja na zingine, na reverse ikanifuata njia mpya kimyakimya. Jaribio linacheka, taarifa za watu zinagonga 404.

Nikairudisha njia ya zamani, kisha tukalinganisha malipo 17, mama akinisomea majina na kuguna kila baada ya jina. Leo jaribio lenye njia ya mkono ni moja tu, la '/oda/malipo/'. Juu yake nimeandika: USIGUSE, HATA KAMA NI WEWE ULIYEANDIKA.