Jeneza au sanda

Shangazi yangu alichimbiwa makaburi mawili.

La kwanza walilichimba kaka zake, nyuma ya nyumba ya babu, kwenye safu ya makaburi ya ukoo, na saruji ilikuwa imeshaletwa. La pili walilichimba wanawe upande wa migomba, jembamba, ubavuni wamechonga mwanandani kuelekea kibla. Kutoka moja hadi jingine hazifiki hatua thelathini. Maiti iko ndani, jua linapanda, na watu waliokula sahani moja maisha yao yote wamesimama na majembe mkononi wakitazamana.

Hapo ni kijijini kwetu, nje kidogo ya mji wa Mbale. Shangazi alizaliwa na kubatizwa katika Kanisa la Uganda, la Kianglikana. Alisilimu akiwa mtu mzima, mjane, kwa hiyo hata ile hadithi kwamba alifuata mume haikuwa na mashiko. Baba zangu waliishi na jambo hilo kwa kulinyamazia. Walimwita kwa jina lake la ubatizo hadi siku ya mwisho, naye aliitika kila mara. Nadhani walilitafsiri itikio lile kuwa amekubali.

Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, alikuja akajaribu, akashindwa. Shekhe na mchungaji waliketi mkeka mmoja chini ya mwembe, wakazungumza kwa adabu kubwa, nao wakashindwa. Aliyetutoa hapo ni mama mmoja kutoka sokoni, mhazini wa kikundi cha akiba cha wauza mukene, wale dagaa wetu. Kikundi chao kina wanawake wa kila dini, na kina mfuko wa mazishi. Mwanachama akijiunga huulizwa siku yake ikifika anunuliwe nini, maana fedha ni ya kikundi na dukani hakuna kukisia. Alifungua kitabu chao, kile chenye jalada gumu jekundu, akaweka kidole. Kwenye mstari wa shangazi yalikuwa yameandikwa maneno mawili, jeneza na sanda. La kwanza limekatwa kwa wino. La pili limezungushiwa duara, na pembeni sahihi yake.

Baba mkubwa aliomba miwani. Akasoma, akarudisha kitabu, akachukua jembe na kwenda kulifukia lile kaburi la kwanza yeye mwenyewe, bila kusema neno.

Tangu siku hiyo, nikisikia habari za mikutano ya kimataifa ya uhuru wa dini, natega sikio nisikie neno moja tu: kubadili.

Neno hilo lina historia ya kusikitisha. Mwaka 1948, Umoja wa Mataifa ulipopitisha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu mjini Paris, Ibara ya 18 ililitaja waziwazi: kila mtu ana uhuru wa mawazo, dhamiri na dini, pamoja na uhuru wa kubadili dini au imani yake. Wapo wanaosema haya ni mawazo ya Wazungu. Aliyepigania kipengele hicho kiingizwe ni Charles Malik, mwanadiplomasia wa Lebanoni. Saudi Arabia ilikipinga, na mwishowe ikawa miongoni mwa nchi 8 zilizojizuia kupiga kura. Zafrulla Khan, waziri wa mambo ya nje wa Pakistani, alisimama akakitetea kwa kuitegemea Kurani. Yeye mwenyewe alikuwa Muahmadiya, na mwaka 1974 nchi yake ilibadilisha katiba na kutamka kwamba watu wa jumuiya yake si Waislamu.

Baada ya hapo neno likaanza kufifia. Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 unasema mtu ana uhuru wa kuwa na dini au kuipokea dini aitakayo. Azimio la Umoja wa Mataifa la 1981 dhidi ya ubaguzi wa kidini likabakiza kuwa na dini tu. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, wa mwaka huohuo wa 1981, unalinda dhamiri na ibada katika Ibara yake ya 8, lakini habari ya kubadili haimo. Katiba yetu ya 1995 ni nzuri. Ibara ya 7 inakataza dini ya taifa, na Ibara ya 29 inampa kila mtu haki ya kuabudu na kuwa mfuasi wa dini yoyote. Kubadili hakutajwi. Mwanasheria atakwambia kumo ndani yake, na ni kweli, hata wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitoa ufafanuzi wa namna hiyo mwaka 1993 kuhusu ule mkataba wa 1966. Lakini jaribu kumpa ufafanuzi baba aliyeshika jembe. Nawaonea wivu majirani zetu wa Tanzania: katiba yao, katika Ibara ya 19, inautaja uhuru wa mtu kubadilisha dini au imani yake, tena kwa Kiswahili ambacho hata bibi yangu angekielewa.

Na sisi Waganda, kuliko taifa lolote ninalolijua, tulipaswa kulishika neno hilo. Fikiria Namugongo, mahali pa hija karibu na Kampala. Kila tarehe 3 Juni nchi nzima inapumzika, na mahujaji wanafika kwa miguu, wengine kutoka Kenya, Tanzania na Kongo, miguu imevimba, nyimbo hazikomi. Tunamheshimu nani pale? Vijana waliobadili dini, wakauawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, katika miaka ya 1880, wengi wao kwa moto. Wakatoliki 22 waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964, na Waanglikana 23, hakuna aliyerithi Ukristo kwa baba yake. Wengine, kama Kizito, walibatizwa siku chache tu kabla ya kuuawa. Kabla yao, katika miaka ya 1870, Kabaka Muteesa aliwaua vijana wa Kiislamu wa ikuluni mwake waliokataa kula nyama iliyochinjwa na asiye Mwislamu. Nao pia hawakuzaliwa Waislamu.

Anayenigusa kuliko wote ni Mbaga Tuzinde. Huyu, mmoja wa mashahidi wa Namugongo, alilelewa na Mukajanga, mkuu wa wauaji wa Kabaka Mwanga, mtu aliyekuwa na kazi ya kusimamia moto ule. Mukajanga alimsihi mtoto wake akane, amfiche, yaishe. Mbaga akakataa. Nimeisikia habari hii katika mahubiri mara nyingi, na kila mara mkazo huwekwa kwenye ushujaa wa kijana. Mimi namfikiria baba. Ni wangapi kati yetu tunaotoka Namugongo tumepiga magoti, na wiki inayofuata tukamfungia mlango binti aliyerudi na hijabu, au tukamkatia ada mvulana aliyeacha kwenda msikitini?

Sisemi kwamba juhudi za kimataifa hazina maana. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1977. Februari aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum, na Septemba Idi Amin akapiga marufuku zaidi ya madhehebu 20, akaacha Wakatoliki, Waanglikana, Waorthodoksi na Waislamu. Wabahai, wenye hekalu lao kwenye kilima cha Kikaaya tangu 1961, walinyamazishwa. Hapa kwetu Mbale, Abayudaya, Wayahudi wetu wa Nabugoye, walisali kwa kujificha hadi Amin alipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, jioni ileile Pasaka yao ilipokuwa ikianza. Na Abayudaya hawa chanzo chao ni nini? Ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiprotestanti aliyesoma Biblia kwa macho yake na mwaka 1919 akahama na wafuasi wake. Serikali ikishika watu namna ile, kelele za dunia ni msaada mkubwa. Umoja wa Mataifa una mtaalamu maalumu wa uhuru wa dini tangu 1986, Marekani ina sheria yake tangu 1998, na mikutano ya mawaziri imefanyika Washington mwaka 2018, London 2022 na kwingineko. Wapo wafungwa waliotoka kwa sababu majina yao yalisomwa katika kumbi hizo.

Shida ni nani anayekaa mezani. Tazama picha za mikutano ya dini mbalimbali popote duniani: askofu, mufti, rabi, waziri, kila mmoja na vazi lake. Wote ni wakuu wa nyumba. Aliyehama nyumba hana kiti, kwa sababu kila upande unamwona ama ni hasara yake ama ni faida yake. Viongozi wanakubaliana kwa urahisi kwamba wewe usinichomee kanisa na mimi nisikuchomee msikiti. Hilo ni jambo kubwa, silibezi. Ila mkataba kati ya wachungaji wawili haujamuuliza kondoo kitu.

Tena wapo wanaofanya vibaya zaidi, wanamgeuza aliyehama kuwa kombe la ushindi. Nakaa Busia, na mihadhara ya uwanjani naijua vizuri. Spika mbili, meza, vitabu vitakatifu vimejaa alama za karatasi, kisha anapandishwa mtu anayetambulishwa kama shekhe wa zamani au mchungaji wa zamani. Umati unalipuka. Nimewahi kumtazama mmoja wao kwa karibu baada ya mkutano, ameketi kwenye kreti ya soda nyuma ya jukwaa, anakunywa chai peke yake. Mama yake alikuwa hajampokea simu kwa miezi mitano. Hakuna hata mmoja wa waliompigia makofi aliyekuwa amefika nyumbani kwa mama huyo.

Nikisema haya huambiwa: watu wananunuliwa, wanahongwa mchele na ada za shule. Ni kweli inatokea, na anayetumia njaa ya mtu kumpeleka kwenye ibada anafanya dhambi kwa vitabu vyote ninavyovijua. Lakini malalamiko hayo hutolewa pia juu ya watu kama shangazi, aliyekuwa anauza mukene wake na hakumwomba mtu shilingi. Kila anayeondoka amenunuliwa, kila anayeingia ameona nuru. Haiwezekani.

Maandiko yenyewe hayana tatizo. Kurani inasema hapana kulazimishwa katika dini. Kanisa Katoliki lilitamka mwaka 1965, kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikani, kwamba hakuna anayepaswa kulazimishwa kutenda kinyume cha dhamiri yake. Hati ya udugu ambayo Papa Fransisko na Imamu Mkuu wa Al-Azhar waliitia sahihi Abu Dhabi mwaka 2019 inakataa watu kushurutishwa kufuata dini fulani. Kinachokosekana ni mtu wa kuyashusha hayo mpaka uani, penye majembe.

Na tunajua viongozi wetu wanaweza kushuka wakiamua. Mwaka 2003, watoto wa Acholi, kaskazini mwa nchi, walipokuwa wakiingia Gulu kila jioni kulala barabarani kwa kuwakimbia waasi wa LRA, Askofu Mkuu John Baptist Odama, Askofu Macleod Baker Ochola na Shekhe Musa Khalil walibeba mablanketi wakaenda kulala nao nje, usiku baada ya usiku. Dunia ilielewa picha ile kuliko maazimio yote.

Ningeomba Baraza la Dini Mbalimbali la Uganda, lililopo tangu 2001, na wafadhili wake wa ng'ambo, waanze na jambo dogo kama lile la kina mama wa mukene. Kiongozi akimpokea muumini mpya, aende naye nyumbani kwa wazazi wake, akae, ale, aeleze. Yule wa upande uliopotelewa naye aende, aseme huyu bado ni mtoto wenu. Na kila mtu mzima aulizwe angali hai anataka azikweje, iandikwe, iheshimiwe.

Nina haraka na jambo hili kwa sababu ya simu niliyopigiwa wiki iliyopita. Kitinda mimba wa shangazi, aliye chuoni, ameanza kwenda kanisani. Anaimba kwaya. Kaka zake wamejua, na mkubwa wao amemwambia asikanyage tena nyumbani. Ni yuleyule aliyesimama kando ya kaburi jembamba akilia kwamba mama yake alikuwa na haki ya kuchagua.

Nimemwambia binti anisubiri Jumamosi, twende pamoja. Nitapitia sokoni kwanza, nimwombe mhazini kile kitabu chekundu.