Wadhamini Kumi Nitawatoa Wapi?

Ndugu zangu mnaosoma shahada ya uzamili huku mkifanya kazi, hivi aliyeitunga fomu ya kugombea uwakilishi wetu katika serikali ya wanafunzi amewahi kutuona chuoni? Fomu inadai sahihi za wadhamini kumi, kwa wino wa bluu, zikusanywe kati ya Jumatatu na Ijumaa, siku ambazo hapa Tabora mjini mwanafunzi wa uzamili haonekani hata ukimtafuta kwa tochi, kwa sababu mmoja anafundisha Urambo, mwingine yuko zahanati huko Sikonge, na wa tatu, aliyeniahidi kura kwa mbwembwe, kila nikimpigia yuko njiani kwenda Nzega. Siku tatu nimekaa chini ya mwembe nje ya maktaba nikivizia sahihi kama mrina asali anavyovizia mzinga; waliopita ni vijana wa mwaka wa kwanza, wasioruhusiwa kunidhamini, wakiniamkia, "Shikamoo, mwalimu."

Na kampeni je? Nimepangiwa dakika tano ukumbini, Jumatano saa nne asubuhi. Nihutubie viti?

Jana niliipata sahihi ya tisa stendi, fomu ikiwa juu ya gunia la karanga, dereva akipiga honi. Mdhamini akasaini kwa wino mweusi.