Flajili si ya kila tumbo

Simama kidogo kwenye duka la dawa, iwe Darajani, Unguja, au Chake Chake, Pemba, utasikia: "Nipe Flajili, mtoto anaharisha." Muuzaji haulizi mtoto ana umri gani, wala kama choo kina damu au ni maji matupu. Anatoa dawa, anapokea pesa, basi. Linanikera hili, na lawama zangu nazipeleka nyuma ya kaunta, si kwa mama.

Flajili ina kazi yake: kuua amiba na giardia, vijidudu vya tumboni. Lakini watoto wetu wengi huharishwa na virusi, na virusi havijali Flajili. Tumbo likitulia lenyewe, sifa zote zinakwenda kwa kidonge.

Halafu kuna loperamaidi, ile ya kufunga tumbo. Inapunguza mwendo wa utumbo tu, haiui kijidudu. Mtu mzima anayepanda boti asubuhi inaweza kumsitiri. Mtoto mdogo asipewe kabisa, na mwenye homa au choo cha damu asiiguse.

Kinachoua katika kuharisha ni kuishiwa maji na chumvi mwilini. Dawa yake ni ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kukorogwa kwenye maji, ila kwa kuwa ni wa bei ndogo, hatuuheshimu. Sukari iliyomo haikuwekwa kwa ajili ya utamu: utumbo unaoumwa bado hufyonza sukari na chumvi kwa pamoja, na maji yakafuata. Ndiyo maana vipimo havichezewi. Paketi ya lita moja itiwe kwenye lita moja ya maji safi, si kwenye gilasi, na kinachobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Dafu je? Mpe anywe, lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Halishiki nafasi ya ORS. Hata kipindupindu, daktari huanza na maji kabla ya antibayotiki.

Pamoja na ORS mtoto apewe vidonge vya madini ya zinki, kama Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF walivyoelekeza tangu 2004, siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma. Hapo ndipo tunapoteleza. Mtoto akishaanza kukimbia uani, nani anakumbuka vidonge?

Ningekuwa na mamlaka, Flajili isingetoka bila cheti cha daktari, na ORS na zinki zingeuzwa katika mfuko mmoja. Muuzaji ataniambia mteja atakwenda duka la pili. Ndiyo maana nataka sheria iyabane maduka yote.