Eti "hamna kitu pale"

Maneno matatu tu, na wiki ya tatu hii yamenikaa kooni kama mwiba wa changu. "Hamna kitu pale." Kayasema yule kijana aliyekuwa akitutembeza, kwa Kiingereza, na tabasamu juu, mkono mmoja kwenye usukani, wa pili unagongagonga saa yake, halafu miye ndo nikabaki na kazi ya kumgeukia shangazi kiti cha nyuma nimwambie bwana kasema huko unakotaka hamna kitu. Shangazi akavuta mtandio wake, akatazama nje, akasema "haya baba, mji wake." Anayemjua shangazi yangu anajua kuwa hapo alishakasirika zamani.

Ngoja nianze vizuri. Niko Busan, Korea Kusini, mwaka wa pili huu, nasoma. Shangazi yeye yuko Maskati tangu miye sijazaliwa, kaja kunitazama siku tano, na magoti yake hayataki ngazi wala kusimama kwenye basi, nikasema basi hapa nijikaze nimpeleke Gyeongju, mji wao wa kale, kwa heshima zake. Ziara ya siku moja, praiveti, gari letu na gaidi wetu, anatuchukua mlangoni saa tatu asubuhi anaturudisha saa kumi na moja jioni. Won 400,000, chakula juu yako. (Gaidi kwa maana ya mtembeza wageni, ndo tulivokuwa tukiitana kazini. Neno lina maana mbili na siku ile zote mbili zilihudhuria.)

Ndio, kazini. Kabla ya kuja huku nilikuwa papasi, wale vijana wa kuwazungusha watalii, Mji Mkongwe, Zanzibar, miaka mitatu. Kwa hiyo haya siyaandiki kama mtalii aliyechukizwa, nayaandika kama mwizi anayemtambua mwizi mwenzie. Njia ya mkato naijua, duka nalijua, "leo kule kuna foleni kubwa" naijua, nimeisema kwa lugha nne.

Haya, Gyeongju. Makao makuu ya Silla, ufalme wa kale wa Korea, tangu 57 KK mpaka 935 kwa hesabu za vitabu vyao, karibu miaka elfu, watawala 56, watatu kati yao wanawake. Gawa kwa masaa yetu manane, ni miaka 125 kwa saa, yaani ukienda chooni tu ukirudi washapita wafalme wawili. Na hilo sikulilalamikia, siku moja ni siku moja, hakuna aliyeomba aonyeshwe wote. Nalalamika namna masaa yenyewe yalivyoliwa.

Daereungwon, pale kwenye bustani ya makaburi, tumepanga foleni dakika 25. Foleni ya nini? Ya picha. Kuna mti wa magnolia umesimama katikati ya vilima viwili vya makaburi, watu wote wanataka wapigwe hapo hapo, na shangazi na magoti yake kasimama juani mpaka zamu yetu ikafika, gaidi akapiga picha kama kumi na tano hivi, anachuchumaa, anainuka, kama mpiga picha wa harusi. Halafu Cheonmachong, kaburi lenyewe sasa, lile lililochimbwa 1973 wakatoa taji la dhahabu na yule farasi mweupe aliyechorwa kwenye gome la mti, mle tukapewa dakika saba. Saba! Na Hwangnamdaechong, kile kilima pacha cha mita 120, tukakipita kama kituo cha daladala kisicho chetu. Hakusema hata neno. Ikabidi miye, nliyesoma kwenye simu usiku wake, nimhadithie shangazi kwamba kilima cha kusini kalala mume na cha kaskazini mke, na wachimbaji walipofika ndani wakakuta taji la dhahabu tupu liko kwa mke, mume kazikwa na la shaba lililopakwa dhahabu juu. Shangazi akasimama katikati ya njia. Akacheka peke yake mpaka watoto wa shule wakageuka. "Hawa walikuwa na akili hawa." Hiyo ndo ilikuwa raha yake ya asubuhi nzima na wala haikuwemo kwenye ratiba.

Cheomseongdae sina la kusema, mnara wa mawe wa mita tisa na kitu, wa zama za malkia Seondeok, wanasema wa kutazamia nyota. Tetemeko la 2016 liliuinamisha sentimita chache ukaendelea kusimama. Picha, tukaondoka.

Mambo yalianzia kwenye chakula cha mchana. Nikamuonyesha shangazi picha kwenye simu, kaburi la mfalme Wonseong aliyefariki 798, wenyewe wanaliita Gwaereung, liko nje ya mji upande wa kusini mashariki. Mbele yake kuna uwanja, huku na huku masanamu ya mawe, simba wanne, maafisa wawili na joho zao, halafu wanajeshi wawili, mibaba hasa, pua hiyo, macho yamezama ndani, ndevu za kujisokota, utepe kichwani, rungu mkononi. Sura hizo si za huku hata kidogo. Shangazi akatoa miwani. Akaikuza picha kwa vidole viwili. "Huyu namjua."

Unamjua wapi tena shangazi?

"Huyu si yule muuza vitambaa wa sokoni Matrah, kwetu Maskati?"

Nikacheka, yeye hakucheka. Akasema nataka nikamuone. Tulipopanda gari nikamwambia gaidi, kwa adabu zote, kwamba mchana si tunakwenda hekalu la Bulguksa, na kutoka Bulguksa mpaka kwenye hilo kaburi ni dakika kumi na kitu kwa gari, tupunguze popote unapotaka, tupite pale hata robo saa. Ndo akagonga saa yake. Hamna kitu pale, ni kaburi tu na mawe, wageni hawendi.

Badala yake mnajua tulikwenda wapi? Mkate. Duka la vile vimkate vya maharage mekundu, dakika 20, unaonjeshwa kimoja, maboksi yashafungwa kabisa yanakungoja, na gaidi wetu na mama wa kaunta wanasalimiana kama mtu na mkwewe. Nikajisemea moyoni, kamisheni hii. Ushahidi sina, uzoefu ninao. (Vimkate vitamu lakini, tulinunua boksi mbili. Na kuna vingine vya jibini vina umbo la sarafu ya won 10, ile yenye pagoda ya Dabotap, mpaka benki kuu yao mwaka 2023 ikalalamika kwamba sura ya sarafu inatumiwa bila ruhusa. Nchi ambayo benki kuu iligombana na mkate miye naipenda.)

Sasa nisikilizeni. Mngekuwa mmenipandisha kwenye basi la watu arobaini na mtu mbele kashika bendera, nisingefungua mdomo, pale ratiba ni ya wote. Lakini praiveti? Neno hilo maana yake si siti ya ngozi na chupa mbili za maji. Maana yake siku ni yangu. Nikitaka kukaa saa nzima natazama jiwe moja, kazi yako ni kunitafutia kivuli na kunambia unalolijua juu ya jiwe hilo, na kama hulijui, sema silijui, hata miye nilikuwa nasema, haiui. Ila usije ukanambia hamna kitu.

Kwa sababu kipo. Wasafiri na waandishi wa lugha ya Kiarabu waliijua nchi hii, wakiiita Sila. Ibn Khurdadhbih aliandika karne ya tisa kwamba mbele ya Uchina kuna nchi yenye dhahabu nyingi, na Waislamu wanaofika huko wanahamia moja kwa moja. Halafu yupo al-Masudi, msafiri na mwanahistoria wa Kiarabu, na huyu ndo aliyenikosesha usingizi. Al-Masudi alipanda chombo Sohar, Oman, akaja mpaka Kanbalu, kisiwa cha Zanji, yaani pwani yetu ya Afrika Mashariki, ambacho wanahistoria wengi wanakisia ndo Pemba, kwetu kabisa, na safari yake ya mwisho kutoka Kanbalu kurudi Oman ilikuwa mwaka 304 Hijria, yaani kwenye 916 au 917 hivi, wakati huo Silla bado haijaanguka. Na mtu huyo huyo, kwenye kitabu hicho hicho anachowataja Wazanji, anaitaja na Sila, anasema mgeni akifika kule haondoki kirahisi kwa uzuri wa hewa na maji yake. Mtu mmoja! Oman, Pemba na Silla kwenye kichwa kimoja! Na kwenye gari lile, kiti cha nyuma, kakaa mama wa Maskati aliyezaliwa Pemba, na boksi la mkate mapajani, anaambiwa hamna kitu.

Na biashara ilikuwepo kweli, si hadithi za vitabuni tu. Kwenye lile kaburi pacha tulilolipita mbio walitoa vyombo vya kioo vilivyotoka huko magharibi, na kimoja, birika, mkono wake ulishavunjika zamani wakaufunga kwa uzi wa dhahabu. Dhahabu! Sisi tunafunga kwa selotepu.

Najua atatokea msomi aniambie yale masanamu pengine si Waajemi wala si watu wa Asia ya Kati, ni walinzi wa Kibudha tu ndo wanavyochongwa hivyo, na wapo wanaosema hivyo kweli. Sawa. Basi hilo ndo nilitaka nambiwe! Nipeleke pale, nisimamishe mbele ya lile libaba la mawe, unambie wako wanaosema hivi na wako wanaosema vile, wewe mama unaonaje. Ubishi huo ndo niliolipia. Picha ya kwenye magnolia ningempiga mwenyewe bure.

Haya, na nimpe haki yake kijana, ingawa sitaki. Barabara ya kupanda mlima Toham kwenda Seokguram, lile pango la Budha, ina kona kama utumbo na aliendesha taratibu, hakumtikisa shangazi. Ile njia ya miguu kutoka maegesho mpaka kwenye pango alimshika mkono mwanzo mwisho. Alitungoja shangazi asali pembeni ya gari, akatutafutia na boksi la kutandika. Ndani ya Seokguram unamtazama Budha kupitia kioo, Wajapani waliposhika nchi walilikarabati pango kwa saruji 1913 mpaka 1915 na unyevu ukaanza kusumbua, haya, hilo nalo alilieleza. Shangazi akatazama jiwe lile, mita tatu na nusu, uso umetulia, akasema tu "kazi ya mikono hiyo, mashallah." Na kule makumbusho hadithi ya kengele aliisimulia vizuri mno, ile kengele ya tani 18.9 ya mwaka 771 ambayo wanasema ilikataa kulia mpaka mtoto alipotupwa kwenye shaba inayochemka, na sauti yake ndo mtoto anamwita mamake. Shangazi alifuta machozi kwa mtandio. Kwa hiyo si kwamba hajui kazi. Anajua! Hilo ndo linaloniudhi zaidi, anajua na kachagua mkate.

Bulguksa tulifika tumechelewa. Dabotap ilikuwa na simba wanne wa mawe, kabaki mmoja. "Wengine wako wapi?" shangazi akauliza. Walipotea wakati wa Wajapani, akajibu gaidi, na akatazama saa.

Kuna jambo nilikuwa sitaki kuliandika. Mwaka wangu wa pili upapasi nilimpata bibi mmoja wa Kijerumani, mtu mzima, katoka Hamburg, anaomba kitu kimoja tu, nimpeleke Mtoni kwenye magofu ya kasri la Sayyid Said, kwa sababu pale ndo alipozaliwa Bibi Salme, na Bibi Salme ndo huyo aliyeolewa na Mjerumani akaenda kuishi Hamburg. Kaja na ua, kalifunga kwenye gazeti. Miye nikamwambia bibi, hamna kitu pale, kuta tu. Nikampeleka kwenye mashamba ya viungo, maana kule nilikuwa na changu. Alinishukuru na akanipa bahashishi. Sijui lile ua alilitupa wapi.

Shangazi aliondoka Jumanne. Jumamosi nikapanda treni mwenyewe, halafu basi, halafu miguu, mpaka Gwaereung. Misonobari imepindapinda, kimya, mzee mmoja tu na mkewe wamekaa kwenye kivuli wanamenya tunda. Nikaenda moja kwa moja kwa yule bwana. Mrefu kuliko miye, ngumi kakunja, ndevu zile, karne kumi na mbili za mvua na pua bado iko pale pale. Nikamzunguka nikakuta kitu ambacho kwenye picha ya simu hakionekani, kwenye mkanda wake kaning'iniza kimkoba. Nikapiga picha ya uso, nikapiga ya kimkoba, nikazituma Maskati.

Voisi ikarudi baada ya dakika mbili, nyuma yake nasikia sufuria na televisheni.

"Si nilikwambia! Sasa muulize humo mkobani ana nini, na akwambie bei ya mwisho."