Mama, Siyo Huo, Huo ni wa Spika!

Kwa kuwa mpiga tumba wetu ameshawasimulia kwenye kundi yaliyonikuta mimi mpiga gitaa, tena kwa ujumbe wa sauti wenye vicheko vingi kuliko maneno, acheni na mimi niseme yangu kabla habari haijafika kijijini. Kwanza, sikulia. Lile lilikuwa jasho. Aliyewahi kusimama mbele ya hedi ya tyubu ya wati 100, yaani amplifaya ya gitaa isiyo na spika ndani, inayokuza sauti kwa vioo vya moto mfano wa balbu, mwezi wa joto Dar atanielewa: tyubu moja aina ya EL34 inakula ampea 1.5 kwa volti 6.3 kupasha uzi wake tu, na ziko nne, kwa hiyo kabla hujapiga noti moja kuna karibu wati 38 za joto tupu mgongoni mwako. Pili, eti mimi mwenyewe nilimwelekeza mama mmoja waya wa kuchomoa. Hilo ni kweli. Tutafika.

Ilikuwa sendofu. Ukumbi wa watu mia na hamsini hivi, dari ya chini, sakafu ya vigae, kuta tupu. Kwangu kuna amplifaya mbili. Ndogo ni ya wati 15, tyubu mbili za EL84, spika moja ya inchi 12, unaingia nayo kwenye bajaji. Kubwa ni hiyo hedi ya wati 100, haina volyumu ya masta (ile ya kushusha sauti huku utamu ukibaki), inakaa juu ya kabati la spika nne za inchi 12. Kabati peke yake linazidi kilo 35, linahitaji kirikuu na rafiki asiyesumbuliwa na kiuno. Mtu mwenye akili timamu angebeba ipi? Haya. Mimi nilikodi kirikuu.

Hoja yangu ilikuwa ya kitaalamu, msinicheke mapema. Muziki wa dansi unataka gitaa safi, solo inayong'aa bila kukwaruza, na usafi huo unatokana na akiba ya nguvu. Amplifaya ikiishiwa nguvu inakata vichwa vya mawimbi, hapo ndipo mkwaruzo unapoanza. Ile ya wati 5 yenye tyubu moja ya 6V6 ikikutana na dramu na tumba inakwaruza kabla haijasikika. Mpaka hapo niko sahihi. Nilipopotea ni kwenye hesabu. Kutoka wati 15 kwenda 100 hujazidisha sauti mara saba. Kila ukizidisha nguvu mara mbili unapata desibeli 3 (kipimo cha ukubwa wa sauti); ukizidisha mara kumi unapata 10, na sikio linaona sauti imeongezeka kama mara mbili tu. Kwa hiyo nilikuwa nimeongeza desibeli 8 na ushee. Balaa jingine lilikuwa kabati: spika nyingi za gitaa zinatoa desibeli karibu 100 ukiwa mita moja mbele yake, kwa wati moja. Wati moja, jamani! Mimi nilikwenda na spika nne na wati mia, kwa watu waliokuja kula ndafu.

Hizo wati 100 zilikuwa na sababu zake. Miaka ya 1960 watengenezaji wa amplifaya, Marshall wa London, waliziunda kwa ajili ya wapiga gitaa kama Pete Townshend wa bendi ya The Who, na wenzao Vox wakawatengenezea Beatles amplifaya ya AC100 kwa sababu mashabiki walipiga mayowe hadi AC30, ya wati 30, haisikiki. Enzi hizo gitaa halikuwekewa maiki, mitambo ya ukumbi ilikuwa ya waimbaji. Sisi tulikuwa na mikisa, maiki za kutosha na spika ndefu pande mbili za jukwaa. Fundi mitambo aliniuliza kwa upole, "Kaka, hilo kabati la nini?" Nikamjibu, "La sauti."

Sasa tabia ya hedi hizi. Volyumu ikiwa kwenye 1, sauti ni nyembamba na inachoma, maana kuna kapasita ndogo, kijidude cha umeme, kwenye potenshiometa ya volyumu (ile ya kuzungusha), inayoruhusu sauti za juu zipite moja kwa moja hata kama umefungua kidogo. Ukifika 5 utamu unajaa, lakini 5 ya hedi hii ni ya uwanja wa mpira. Nikaweka 3. Hapo unapata ubaya wa pande zote mbili: kelele imeshafika, utamu bado uko njiani.

Halafu kabati nililiweka sakafuni, nyuma ya miguu yangu, likiitazama meza kuu. Spika ya inchi 12 inazielekeza sauti za juu mbele yake kama tochi. Wewe uliye juu ya tochi hupati kitu, unasikia mvumo tu ukipita magotini. Nikajiona sisikiki. Nikaongeza trebo, sauti za juu. Bado. Nikaongeza prezensi, nayo ya sauti za juu. Mita nne mbele yangu bibi harusi alikuwa ameziba sikio kwa kiganja, na mimi nikadhani anarekebisha hereni.

Wimbo ukafika kwenye sebene. Nikafumba macho. (Wapiga gitaa, msifumbe macho kazini.) Nilipofumbua, mama mmoja wa meza ya familia alikuwa ameshasimama. Sare ya kitenge, kilemba kirefu, pochi mkononi. Pochi, ndugu zangu! Mama wa Dar akikujia jukwaani katikati ya solo na pochi mkononi, anakuja kutunza, hakuna tafsiri nyingine.

Anakuja taratibu. Watu wanampisha. Wanakamati wananyanyuka kidogo kwenye viti, nikajua wanampa heshima. Natabasamu. Narudia kile kipande kitamu, cha nyuzi mbili za chini, ili asifike kabla sijamaliza. Anapanda ngazi ya kwanza. Napiga goti. Naam, goti moja, na paji la uso nimelitanguliza, limelowa jasho, noti ya elfu kumi ingenata bila shida. Anafika. Ananitazama. Ananipita.

Shingo yangu ikageuka yenyewe. Mama ameinama nyuma ya hedi, ameshika waya mweusi, mnene. Nikauona ni upi.

Hapa lazima niwasimamishe kidogo. Hedi ya tyubu haipigwi bila spika. Ukiichomolea waya wa spika inaponguruma, nguvu inakosa pa kwenda, volti upande wa tyubu zinaruka mno, na insulesheni (kinga ya nyaya) ya transfoma ya kutolea sauti inaweza kutoboka, au soketi za tyubu zikapiga cheche. Bei ya transfoma hiyo na malipo yangu ya usiku ule havikai meza moja. Nikanyanyuka kwa kishindo, mdomo ukatua kwenye maiki ya kuitikia, nami maiki nikaisahau kabisa:

"MAMA, SIYO HUO! HUO NI WA SPIKA! CHOMOA WA UKUTANI!"

Ukumbi mzima. Bendi ikaacha kupiga. Mama akauachia ule mnene, akaushika mwingine, akauliza kwa adabu zote, "Huu?"

"Huohuo mama. Ahsante."

Akachomoa.

Mngedhani imeishia hapo. Kapasita za ndani zina akiba ya umeme na nyuzi za tyubu bado ni moto, kwa hiyo amplifaya ya tyubu haizimiki papo hapo. (Hiyo akiba ni mamia ya volti na inaweza kubaki baada ya kuchomoa, usiingize bisibisi kama hujui kuitoa.) Noti yangu ya mwisho ilikuwa bado inalia. Ikaendelea kulia, ikashuka, ikakwaruza, ikashuka tena. Dramu kimya, besi kimya, wageni wananitazama, nami nazimwa kwa mafungu. Ilipoisha, MC akachukua maiki: "Makofi kwa mama!" Yakapigwa. Marefu.

Yaliyobaki ni mafupi. Fundi mitambo akanipa kiboksi cha DI, gitaa likaingia kwenye mikisa moja kwa moja bila amplifaya, sauti kavu, tukamaliza. Mama akaja kunitunza kwenye wimbo wa mwisho, nikiwa sisikiki kabisa. Picha anazo mpiga tumba.

Mnaoniuliza faraghani mnunue ipi: kwa ukumbi wenye mitambo, wati 15 hadi 22 zinatosha. Vox AC15, au Fender Deluxe Reverb yenye 6V6 mbili na uzito wa kilo 19 hivi. Iweke juu ya kiti, iinamishe nyuma kidogo iyatazame masikio yako, maiki sentimita tatu kutoka kitambaa cha mbele ya spika, pembeni kidogo ya kitovu cha koni. Twin Reverb ya wati 85, kilo kama 29, iache kwa wanaopiga nje bila maiki. Kama tayari unayo kubwa, tafuta kipunguza nguvu cha kukaa kati ya hedi na kabati, omu zake (kipimo cha ukinzani wa umeme) zilingane na kiwe kimepimwa kwa wati zaidi ya 100. Wengine wanachomoa tyubu mbili kati ya nne. Inawezekana, ila chomoa mbili za nje au mbili za ndani, kamwe siyo mbili za upande mmoja, na kama kabati ni la omu 8 weka swichi ya omu ya hedi kwenye 4. Utapunguza desibeli 3 tu. Yule mama angekuja tu.

Hedi inauzwa. Volti 230, EL34 nne, transfoma nzima, na ushahidi wa uzima wake wameusikia watu mia na hamsini. Kabati linakwenda nayo, sibakizi. Kirikuu juu yako.